Kiti cha Kaka Hakishushwi

Siwezi kuipita baiskeli iliyoegeshwa bila kuikagua. Mke wangu ameshazoea. Tukienda sokoni yeye hutangulia na kikapu chake, ananiacha nimesimama mbele ya duka la mtu nikiikunjia uso baiskeli isiyo yangu. Kiti kimeinua pua juu, halafu mwenyewe atalalamika kiuno. Kengele imefungwa mbali na kidole gumba, kwa hiyo mtu akitaka kuipiga lazima kwanza auachie usukani. Breki ya nyuma imelegea kiasi kwamba utaifinya yote na gurudumu halina habari. Mambo haya yananikera kweli, na uzee haujanipunguzia.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho sikikasirikii. Nikikuta kiti kimepandishwa juu kabisa, bomba lake limetoka karibu lote, kiti cha mtu mrefu, mimi husimama tu nikakitazama. Nakigusa kidogo. Halafu naondoka kabla mwenyewe hajatoka dukani kuniuliza natafuta nini.

Kaka yangu alikuwa mrefu. Mimi nilifuata upande wa mama, watu wafupi wenye miguu minene. Tulizaliwa wawili tu, baba akafariki tukiwa wadogo, na mama akatulea kijijini kwetu Masinya, upande wa Uganda, kwa pamba na mihogo. Uhuru ulipokuja tulikuwa tayari vijana wa kujitegemea, na pamba yetu ya msimu ule ikatununulia baiskeli moja, nyeusi, ya breki za fimbo, yenye kerea pana nyuma ya kubebea mzigo au mtu. Baiskeli moja kwa ndugu wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Siku za soko zilikuwa zake. Alikuwa akibeba samaki wakavu kutoka upande wetu wa ziwani, anawapeleka Tororo, na biashara ikiwa mbaya anaendelea nao hadi Mukuju. Siku nyingine zilikuwa zangu. Mimi nilikuwa na kazi ya mpakani Busia, kuvusha watu na vikapu vyao kutoka forodha ya Uganda hadi forodha ya Kenya na kurudi. Kazi hiyo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Tulikuwa tukisimama na baiskeli zetu kando ya barabara na kuita, "Boda, boda!" Abiria wanakuja.

Sasa, mtu wa safari ndefu na mtu wa mpakani hawawezi kupatana juu ya baiskeli. Kaka alitaka kiti juu. "Mguu lazima unyooke," alikuwa akisema. "Mguu ukijikunja unakula nguvu zako mwenyewe." Alitaka usukani chini ili upepo umpite mgongoni, na magurudumu yajazwe upepo mpaka yawe magumu kama jiwe la kusagia. Kengele aliiweka kushoto, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa wa kusalimia watu, na kaka alisalimia kila mtu kuanzia kwetu hadi Tororo.

Mimi nilitaka kiti chini. Kazi yangu ilikuwa ya kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, na mama mwenye kikapu cha mayai hapandi mpaka aone miguu yako yote miwili imekanyaga ardhi. Nilitaka magurudumu laini kidogo ili abiria asitukane mashimo. Kengele nilitaka kulia, maana mkono wa kushoto nilikuwa nikiupeleka nyuma kushika mzigo. Kwa hiyo kila baiskeli ilipobadilisha mkono, spana ilitoka.

Asubuhi zangu zilianza kwa hasira. Naamka, natoka, naikuta baiskeli imeegemea ukuta wa jiko na kiti kiko huko juu kwa majirani. Nashusha huku nikimsema kaka ambaye bado amelala. Na yeye zamu yake ikifika namsikia kutoka ndani, sauti yake ikijaa uani: "Nani kaniachia kigoda?" Hakuchoka kusema hivyo. Mama alikuwa akicheka kila mara kana kwamba ni jambo jipya.

Mwishowe kaka alichoka kutafuta kimo chake kila siku. Akachukua tupa akachora mstari kuzunguka bomba la kiti, hapo ndipo kiti chake kisimame. Mimi nikaichukua tupa ileile nikachora wangu. Mistari ikawa miwili, wake ukionyesha kiti juu na wangu ukionyesha kiti chini, na katikati yake ungeweza kuweka kiganja kizima. Mama alipoiona alisema siku moja tutaigawana baiskeli kwa msumeno, kila mtu achukue kipande chake.

Mama alikuwa na neno lake moja kwa kaka. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na nyasi za mlangoni zilining'inia chini. Mimi niliingia wima. Kaka alipokaribia, mama alisema, "Inama." Alisema mchana kweupe, alisema hata akiwa ametupa mgongo anakoroga sufuria, alisema kwa mtu mzima mwenye ndevu. Na bado kaka alikuwa akisahau na kugonga paji la uso, halafu anaulaumu mlango.

Kisha kaka akapata kazi ya reli. Walitaka vijana wenye nguvu wa kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, na yeye alikuwa na nguvu na hamu ya kuona mbele ya Mukuju kuna nini. Siku ya kuondoka alipandisha kiti hadi kwenye alama yake, akanipakia mimi kwenye kerea na sanduku lake mapajani mwangu, akatupeleka Tororo mwenyewe. Hakutaka nimwendeshe. Stesheni akanipa usukani na kuniambia, "Usiiharibu. Na kengele irudi kushoto nikija." Akapanda treni ya kwenda upande wa Kenya. Nilirudi nyumbani na spana imebaki uani, nikiyumba juu ya kiti kile, vidole vya miguu vikitafuta pedali.

Nilipofika nilichukua spana moja kwa moja. Mama akaja akaweka mkono juu ya kiti.

"Acha," akasema.

"Mama, sifiki chini."

"Mwenzako yuko njiani. Acha kitu chake."

Nilijua anachosema, ila sikuwa nimefikiria kwamba kinahusu hata baiskeli. Kwetu mtu akisafiri vitu vyake havibadilishwi. Kigoda chake hakikaliwi, jembe lake halitiwi mpini mwingine, kikombe chake hapewi mgeni. Ukivigusa umeshasema kwamba harudi. Vinagawiwa siku ile tu habari ya msiba imefika, na hapo ndugu huchukua jembe na kulikata mpini kwa kimo chake. Kwa mama, kiti kile kilikuwa kama kigoda. Jioni, mimi nikirudi kutoka mpakani, alikuwa akija kusimama kando ya baiskeli kama mtu anayepita tu. Kiti kilimfika mbavuni. Akishakisikia mbavuni anaenda zake jikoni.

Mwanzoni nilifanya ujanja. Asubuhi nikishapita kona ya njia nashusha, jioni kabla ya kufika napandisha. Lakini nati ya kiti ilikuwa imeshateseka vya kutosha mikononi mwetu, na baada ya muda ikaanza kuteleza. Kiti kinazunguka na abiria yuko nyuma. Nikaipeleka kwa fundi wa pale mpakani, mtu wa maneno machache aliyekuwa na kibanda karibu na forodha.

"Nati hii imechoka," akaniambia. "Mimi nakaza mara ya mwisho. Sema sasa, juu ama chini?"

"Juu."

Akaitazama miguu yangu. "Kwa miguu hii?"

"Juu," nikasema.

Nati mpya zilikuwepo Tororo, nami nilijua duka zinakouzwa. Sikwenda. Nikisema ni kwa ajili ya mama peke yake nitakuwa nadanganya. Nilimtaka kaka. Nilitaka ashuke siku moja kutoka kwenye treni, aishike baiskeli, apande na kuondoka bila kugusa spana, aone kwamba nafasi yake haikukaliwa na mtu. Nilikuwa nimeamka asubuhi nyingi nikimtukana kwa sababu ya kiti kile, na sasa nilikuwa naamka na hakuna wa kumtukana. Uani kulikuwa kimya mpaka nachukia.

Basi nikawa mtu wa kiti cha juu. Niliendesha nikitupa kiuno huku na huku, kulia nikifuata pedali inaposhuka, kushoto nikifuata nyingine. Nilichubuka mahali ambapo mtu hawezi kumwonyesha daktari. Kusimama sikuweza popote; ilibidi nitafute jiwe au ukingo wa mtaro niweke mguu, na pale forodhani wenzangu walijua jiwe langu ni lipi na hawakulisogeza. Walinitania wakachoka. Abiria ndio hawakuchoka. Kulikuwa na mama mmoja, mtu wa upande wa Kenya, aliyekuwa akivuka kila siku na samaki wake na kufika mpaka soko la Tororo. Siku ya kwanza alinizunguka pande zote akiwa na beseni kichwani.

"Mimi hapana panda hii," akasema. "Kiti yako iko juu sana. Wewe nacheza ngoma, mimi naanguka."

"Mama, panda tu. Sijaangusha mtu."

"Basi shusha."

"Haishuki. Ni ya kaka yangu, yeye iko safari."

Akanitazama kidogo, akanipa beseni nilishike, akapanda. Tangu siku hiyo alikuwa abiria wangu, na kila akipanda aliniuliza kama kaka amerudi.

Mwanzo zilikuwa zikija salamu. Mtu wa reli akipita Tororo husema kaka ni mzima, yuko mbele huko, amewasalimia sana. Krismasi moja alituma kanga kwa mama na pampu ya baiskeli kwangu, na mama akacheka kwamba mwenzangu bado anagombania upepo wa magurudumu. Baada ya hapo salamu zikapungua. Halafu zikakoma. Nilienda stesheni mara kwa mara kuuliza, na wale wa zamani wote walikuwa wamehamishwa. Fedha za zamani ziliondolewa, kila nchi ikatoa zake, pale mpakani ikawa lazima ubadilishe kwanza ndipo ununue. Mambo mengi yakabadilika, na kiti kikabaki palepale. Mama alizeeka. Kiti kilichokuwa kikimfika mbavuni kikaanza kumfika kifuani. Sikumwambia kwamba nimeona.

Siku moja asubuhi yule mama wa samaki hakunisubiri kwenye jiwe langu. Alinifuata njiani mwenyewe, bila beseni.

"Jana niko Tororo," akasema. "Kuna mtu stesheni, nauliza watu ya Masinya. Mimi namwambia, Masinya mimi najua moja tu, ile naendesha baiskeli na kiti juu mpaka watu nacheka. Nasema kiti ni ya kaka yake, hapana taka kushusha." Akakigusa kiti. "Ile mtu nafunika uso. Nalia."

Sikumuuliza ni mrefu au mfupi. Niligeuza baiskeli nikapita nyumbani tu kuchukua maji, nikamwambia mama nina mzigo wa kupeleka Tororo. Sikutaka kumpa habari ambayo huenda ni ya mtu mwingine. Njia yote lile jabali la Tororo, linaloonekana kutoka mbali, lilikuwa mbele yangu na lilikataa kusogea. Nilikuwa nikikanyaga huku nikiomba, nikiahidi mambo ambayo siyakumbuki tena.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la stesheni na sanduku lilelile. Nilimjua kwa sanduku kwanza. Aliposimama kunilaki alisimama nusu. Reli ilikuwa imemwangukia nyongani kazini, mfupa ukaunga vibaya, na mwili wote ukalala upande mmoja juu ya fimbo. Nilipomkumbatia paji lake liligusa paji langu. Zamani uso wangu ulikuwa ukiishia kifuani mwake.

"Kwa nini hukuja?" nikamuuliza. Nilikuwa na hasira, sitaficha. "Kwa nini hukusema hata neno?"

"Nilikuwa nasubiri mguu unyooke kwanza," akasema. "Sikutaka mama anione hivi. Haukunyooka."

Halafu akaiendea baiskeli. Aliizunguka polepole, akaweka kidole kwenye ule mstari wake, akakuta kiti kimekaa juu yake sawasawa.

"Hamkukishusha."

"Mama alikataza."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Akatikisa kichwa, akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Sasa kishushe."

Nikamwambia hakuna haja, nimezoea, nitampeleka hivyohivyo. Akanijibu kwa ile sauti yake ya mkubwa. "Utanibeba mimi na mguu huu, halafu ukisimama unagusa nini? Shusha, bwana."

Nati ilikuwa imeshikana kwa kutu. Niliing'ang'ania na spana ikateleza ikanichuna vidole, tukaomba mafuta ya taa kwa mtu wa kuwasha taa za stesheni, tukamimina, tukangoja. Nilipojaribu tena ikalia na kuachia. Bomba liliposhuka lilikwaruza, na alama yangu ikashuka hadi mahali pake, imejaa uchafu wa miaka. Nikaisafisha kwa ukucha. Kaka ndiye aliyekaza. Aliinama kwa shida akakaza kwa mikono yake mwenyewe, akakipiga kiti kofi kuhakikisha hakizunguki. Nilipokaa miguu yangu yote miwili ikakanyaga ardhi, na badala ya kufurahi nilijisikia mpweke.

Nilimpakia kwenye kerea, mguu ule umetokeza pembeni kiasi kwamba wapita njia walitupisha. Hatukufika hata mwisho wa mji kabla hajaanza. Magurudumu haya laini hivi ni ya nani, unabeba mchanga? Kengele iko wapi, si nilisema kushoto? Pampu niliyokutumia uliifanyia nini? Nikamjibu jibu kwa jibu. Tulifika njia panda tukigombana kama zamani, na nilikuwa nalia nikishukuru kwamba yuko nyuma haoni.

Kwenye mwinuko wa kwetu akaniambia nisimame. Hakutaka mama amwone amebebwa kama gunia. "Tangulia. Mimi nitapanda polepole." Nikasukuma baiskeli na sanduku nikamwacha chini na fimbo yake, migomba ikiwa katikati yetu.

Mama alikuwa uani akianika mihogo. Aliinua kichwa kama alivyoinua kila siku nikirudi. Hakunitazama mimi, alitazama kiti. Nikaona mkono wake ukiachia mihogo. Akaketi chini pale alipokuwa, akavua kitambaa chake kichwani akakiweka mapajani.

"Lini?" akauliza.

Sikumwelewa. Nilikuwa nimejaa habari yangu, natafuta namna ya kuianza.

"Wamemzika wapi?"

Hapo ndipo nikakiona kiti kama alivyokiona yeye. "Mama, hapana. Mama, yuko hapa nyuma," nikasema, lakini alikuwa ameshaanza kile kilio cha chini, kile cha kabla ya majirani kufika, na hakunisikia. Nilipiga magoti, nikamshika mabega, nikarudia. Hakusikia. Sijui tungefanyaje. Ndipo ile fimbo ikasikika kwenye mawe ya njia, na ile sauti, imechoka kwa mwinuko lakini ileile, ikajaa uani.

"Nani kaniachia kigoda?"

Mama alinyamaza. Kaka alikuwa amesimama kando ya baiskeli, mkono mmoja juu ya kiti, akihema. Mama alimtazama kutoka juu mpaka chini, akafika kwenye nyonga, akafika kwenye fimbo, akarudi usoni. Nilimsaidia kuinuka. Hakusema lolote juu ya mguu, siku ile wala baadaye. Alimshika mkono akamwongoza nyumbani kwake kama mtoto, na mimi nikafuata na sanduku.

Walipofika mlangoni mama alikuwa mbele, ametupa mgongo.

"Inama," akasema.

Zile nyasi zilikuwa juu ya kichwa cha kaka kwa nafasi ya kutosha. Angeingia wima kama nilivyokuwa nikiingia mimi. Kaka alizitazama, akashika fimbo vizuri, akainama.